Mama Aliyeghushi Saini Yake Mwenyewe

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Nimeiandikia wizara inayohusika kuuliza kama naruhusiwa kuitaja, na bado nasubiri jibu. Itoshe kusema kwamba ina mlima mmoja, reli moja na Rais mmoja, na vyote vitatu nimevikuta, na inaelekea nitaviacha.

Katika nchi hiyo watu waliibiwa sana kwa hundi. Mwizi alipata kijitabu cha hundi cha mtu, akaiga saini, akaenda benki. Karani akaitazama hundi, akaitazama saa ya chakula cha mchana, akalipa. Wenye maneno walisema wezi wengi walikuwa wafanyakazi wa benki humo humo. Serikali haikupenda uvumi, ikaunda tume. Tume ilizunguka nchi nzima, ikala vizuri, ikarudi na ripoti kwamba kosa lilikuwa la wananchi, kwa sababu wanasaini ovyo: leo hivi, kesho vile.

Ndipo Waziri wa Fedha na Uaminifu, Mheshimiwa Dakta Kasiano Mbelwa, alipotuletea Jicho.

Jicho ni mashine. Ina kioo cha kusainia na taa mbili, ya kijani na nyekundu. Kila mwenye akaunti alitakiwa kwenda kusaini juu ya kioo mara moja tu, na saini hiyo ikahifadhiwa ndani ya Jicho milele. Tangu hapo kila hundi ingepitishwa mbele yake. Saini ikifanana na ile iliyohifadhiwa, kijani. Isipofanana, nyekundu.

Nilikuwapo uwanjani siku ya uzinduzi. Waziri alisimama chini ya turubai, sisi tukasimama juani, kila mtu mahali pake.

“Ndugu wananchi!” akasema. “Karani ana njaa. Karani ana usingizi. Karani ana mashemeji! Mwizi akijuana na shemeji wa karani, fedha zako zimekwenda. Lakini Jicho, ndugu zangu, Jicho halina shemeji!”

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kampuni iliyoleta Jicho ilikuwa ya shemeji yake Waziri, jambo lililotuonyesha jinsi ukoo ule ulivyojitolea kwa ajili ya taifa.

Wiki hiyo hiyo Bunge likapitisha Sheria ya Saini ya Milele. Ni sheria ndefu, lakini moyo wake uko katika kifungu kimoja: Jicho halikosei. Binadamu na Jicho wakitofautiana, binadamu atajirekebisha.

*

Bi Sikitu Mapunda alikuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Wasioona ya Lihanje, shule ya bweni iliyo juu kwenye vilima vya chai. Kabla ya hapo alifundisha shule za kawaida miaka mingi, na somo lililompa jina lilikuwa hati. Watu wazima wa wilaya ile, ukiona barua zao, unajua aliyepita kwake na asiyepita.

Fedha za shule ziliingia katika akaunti moja, na kwa amri ya wizara mtu mmoja tu ndiye aliyesaini hundi zake: mwalimu mkuu. Unga, maharage, kuni, mishahara ya wapishi, vyote vilipita chini ya kalamu yake.

Alipoitwa kusajili saini, alivaa gauni lake la kwendea kanisani. Kioo kilikuwa baridi na kalamu yake haikuwa na wino, lakini alisaini kama alivyofundisha: S ndefu yenye shingo, herufi zinazofuata zikiwa zimeshikana mikono, na mstari mmoja unaopita chini yake bila kutetereka. Karani aliyemhudumia, Erasto Chilumba, alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

“Mwalimu, hii si saini, ni pambo,” Erasto akasema.

“Shika kalamu vizuri na wewe utaweza,” akamjibu.

Masika yaliyofuata, asubuhi moja akiwa anapiga mswaki, mswaki ulimdondoka. Akainama auokote, mkono wa kulia ukakataa. Akataka kumwita mpishi, mdomo nao ukaenda upande. Walimbeba kwenye pikapu ya chai hadi hospitali ya misheni. Kiharusi, daktari alisema, lakini kimempiga kwa huruma.

Alirudi shuleni akitembea na akizungumza vizuri. Mkono tu ndio uliobaki kama mgeni asiyejua nyumba: akiutuma kikombe unagusa meza, akiutuma meza unagusa hewa. Aliandika hundi ya unga kwa shida, akamkabidhi mwenye mashine ya kusaga, Bwana Tindwa. Baada ya siku chache Bwana Tindwa akarudi nayo, kofia mkononi, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Ilikuwa imepigwa muhuri mwekundu: SAINI SI YA MWENYEWE.

*

“Shikamoo, Mwalimu,” Erasto alimpokea benki.

“Marahaba, mwanangu. Hundi yangu imerudi.”

Erasto akaitazama hundi, akautazama mkono uliolala mapajani mwake. Akashusha sauti.

“Jicho linasema aliyesaini hapa si Sikitu Mapunda.”

“Erasto, mimi nimekufundisha darasa la tatu. Nimekununulia kalamu.”

“Najua, Mwalimu. Mimi nakufahamu. Benki ndiyo haikufahamu.”

Akatoa kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa na picha yake, lakini picha haisaini. Akatoa barua ya daktari inayoeleza kiharusi. Erasto akaipitisha mbele ya Jicho, na taa nyekundu ikawaka, kwa sababu daktari aliweka fedha zake benki nyingine na saini yake haikujulikana hapo.

“Basi niandikishe saini mpya,” Bi Sikitu akasema. “Hii hii mbovu. Ndiyo niliyo nayo sasa.”

“Fomu ya kubadili saini ipo.” Erasto akaifungua droo, akaitoa, lakini hakumpa. “Ila lazima uisaini kwa saini ile ya zamani, ili tuhakikishe anayeomba kubadili ni mwenyewe.”

“Ningeweza kusaini ile ya zamani, ningebadili ya nini?”

Erasto aliirudisha fomu drooni. Nyuma yake, juu ya ukuta, Waziri alikuwa anatabasamu ndani ya fremu.

“Wengi huwa hawafiki kwenye swali hilo,” akasema. “Huwa wanaanza kulia kabla.”

Bi Sikitu hakulia. Alirudi Lihanje, akawakuta watoto wamekaa bwaloni wakisubiri, maana wao humjua kwa mwendo, na mwendo wake ulikuwa umebadilika. Walikuwa wanajifunza upya hatua zake. Msaidizi wake, Mwalimu Gervas Hinju, naye haoni tangu kuzaliwa. Alifundisha muziki na kusoma kwa nukta zinazopapaswa kwa vidole. Alipoelezwa yaliyotokea benki, alicheka, kisha akasikia kwamba mwenzake hacheki.

“Tuna unga wa kufika lini?” akauliza.

“Tindwa ametukopesha. Lakini Tindwa naye ana watoto.”

Kila jioni Bi Sikitu alikaa na kalamu. Mwalimu Hinju aliisikia ikikwaruza, ikisimama, ikikwaruza. Uji wa asubuhi ukawa mwepesi, kisha maharage yakakosa siku mbili mfululizo. Mtoto mmoja aliuliza kama Mwalimu Mkuu amewakasirikia. Swali hilo ndilo lililompeleka benki tena. Alijaribu hundi ya pili, nyekundu. Akapumzika kwenye benchi, akaomba Mungu, akajaribu ya tatu.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo Waziri hakulisema uwanjani. Hundi ya tatu ikikataliwa, Jicho lenyewe hupiga simu polisi.

*

Walikuja askari wa Kikosi Maalumu cha Kulinda Mkono, wakiwa na gari jipya. Mkaguzi Balama alisimama mbele yake pale pale kwenye benchi.

“Wewe ndiye uliyejaribu kughushi saini ya Bi Sikitu Mapunda?”

“Mimi ndiye Sikitu Mapunda.”

“Wote husema hivyo,” Mkaguzi akasema, bila ukali. “Ndiyo maana tunawakamata.”

Erasto alisimama nyuma ya kaunta akafungua mdomo. Meneja wake alimtazama. Akaufunga.

Kituoni walimwandikia maelezo kwamba yeye ni Sikitu Mapunda, wakamtaka ayasaini. Kituo kilikuwa na Jicho dogo la mezani. Akasaini, taa ikawaka nyekundu, wakamwongezea shitaka la pili: kughushi saini ya Bi Sikitu mbele ya polisi. Alipopinga shitaka la pili, walimwandikia maelezo ya kulipinga, wakamtaka ayasaini. Akaweka kalamu chini, akasema hatasaini tena. Mkaguzi aliandika kwamba mtuhumiwa ameanza kujirekebisha.

Serikali yetu humjali sana mtu aliyetendewa uovu. Siku chache baadaye barua ilifika shuleni, imeandikwa kwa heshima kwenda kwa Bi Sikitu Mapunda, ikimpongeza kwa kuwa mwizi wa saini yake amekamatwa na kumwomba afike rumande kumtambua. Mpishi alimsomea Mwalimu Hinju. Mwalimu Hinju akapanda basi, akafika kwenye wavu wa wageni.

“Mwalimu Mkuu,” akasema, “unatakiwa uje umtambue mtu aliyekuibia.”

“Mwambie nimemwona,” Bi Sikitu akajibu. “Amekonda.”

Walicheka wote wawili, na wanawake wengine wa rumande wakacheka ingawa hawakujua kisa. Kisha akauliza, “Watoto wamekula nini leo?” na Mwalimu Hinju akasema wamekula, bila kusema nini.

*

Wakati huo huo nchi iliadhimisha mwaka mmoja wa Jicho. Sherehe zilirushwa redioni, na redio ya askari wa rumande ilikuwa na sauti kubwa. Waziri alitangaza kwamba katika mwaka mzima Jicho lilikuwa limepima saini zisizohesabika, na nyingi zilitofautiana kidogo na zile zilizohifadhiwa, jambo la kusikitisha kwa taifa linalotaka maendeleo. Lakini alikuwapo mteja mmoja, mzalendo mmoja, ambaye hivi karibuni alisaini hundi nyingi, zote kwa ukamilifu wa asilimia mia.

“Mteja Bora wa Mwaka,” Waziri akanguruma, “ni Bi Sikitu Mapunda wa Shule ya Wasioona ya Lihanje!”

Rumande yote iligeuka kumtazama.

“Kwa bahati mbaya,” Waziri akaendelea, “mama yetu ametingwa na majukumu. Tuzo itapokelewa kwa niaba yake na mkurugenzi wa kampuni ya Jicho.” Yaani shemeji.

Bi Sikitu alikaa chini polepole. Yeye alikuwa ndani. Hundi hizo zilisainiwa na nani?

Mwalimu Hinju alimfuata Erasto benki kesho yake, saa ya chakula, ukumbi ukiwa mtupu. Erasto alimshika mkono akampeleka kwenye chumba cha pembeni.

“Akaunti ya shule haina kitu, Mwalimu,” akasema. “Imekaushwa. Hundi zote zimelipwa kwa kampuni moja. Zimeandikwa kwamba shule imenunua miwani.”

“Miwani?”

“Miwani ya kusomea.”

Mwalimu Hinju, ambaye hajawahi kuona hata mwanga wa mchana, aliomba kiti.

Erasto alichukua hundi mbili, akazibandika kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, jua likipita nyuma yake. Akamweleza alichokiona: saini mbili zilikuwa zimelaliana mpaka zikawa moja. Akaongeza ya tatu, ikalala juu yake bila kupitiliza hata unywele. Ilikuwa ni ile ile ya siku ya gauni la kanisani, ile aliyoiita pambo.

“Hakuna binadamu anayesaini hivi,” akasema. “Mkono haurudii kitu kilekile. Mtu ameingia ndani ya Jicho, akaitoa saini iliyohifadhiwa, akaipiga chapa kwenye hundi. Na Jicho limeilinganisha saini na yenyewe. Kwa nini lisifurahi?”

“Basi kaseme hivyo mahakamani.”

Mwalimu Hinju alimsikia Erasto akizibandua hundi dirishani.

“Nina mtoto wa miezi minne,” Erasto akasema. “Na hata nikitaka, hundi hizi haziruhusiwi kutoka humu mpaka pawe na kesi ya wizi. Kesi ya wizi haiwezi kuwapo mpaka mwenye saini apatikane, na mwenye saini kisheria hajulikani alipo. Anayejulikana alipo ni yule mwizi wake.”

Juma hilo Shule ya Lihanje ilifungwa kwa muda. Wazazi walikuja kuwachukua watoto wao, mmoja mmoja. Waliokuwa hawana wazazi walichukuliwa na wapishi.

*

Mle rumande hapakuwa na kalamu, lakini palikuwa na nywele. Wanawake walikuwa wanasukana ili siku ziende, na zamu ya Bi Sikitu ilipofika alisema mkono wake hauwezi. “Jaribu kwangu,” mmoja akamwambia, “kichwa changu si cha harusi.” Akajaribu. Mistari ilienda kombo, wakacheka, akafumua, akaanza tena. Vidole vilivyokuwa havijui kikombe kiko wapi vilianza kujua unywele uko wapi. Kidole gumba kikarudi kwanza, kisha cha shahada. Hakumwambia mtu. Siku moja alichora S kwa kidole kwenye vumbi la uani, akaitazama, akaifuta haraka kwa unyayo.

Wakili wa Serikali, Bwana Pius Ngonde, alimtembelea na habari njema. Alikuwa kijana mwenye adabu na viatu vinavyolia.

“Mama, serikali haina kinyongo na wewe. Mahakama zimejaa. Tumeandaa tamko fupi hapa, kwamba wewe si Sikitu Mapunda na kwamba unajuta. Ukilisaini mbele ya hakimu unapewa onyo, unakwenda nyumbani siku hiyo hiyo.”

“Nyumbani kwa nani?”

Bwana Ngonde akapekua jalada lake. “Hilo halimo,” akakiri.

“Na nikisaini, Jicho si litakataa?”

“Ndilo tunalotaka, Mama! Likikataa, litathibitisha kwamba umesema kweli.”

Mwalimu Hinju alipokuja kumwona, Bi Sikitu alimweleza yote, kisha akapenyeza vidole kwenye wavu. Mwalimu Hinju akavishika. Vilimbana kwa nguvu.

“Umerudi mkono,” akasema.

“Umerudi.”

Nyuma yao askari alikuwa anamenya chungwa.

“Ukisaini vibaya, unatoka,” Mwalimu Hinju akasema. “Utakuja kwangu, mke wangu ameshatandika kitanda. Ukisaini vizuri, umekuwa Sikitu, na Sikitu ndiye aliyenunua miwani. Watakufunga kwa wizi.”

“Nikitoka nikiwa si mimi, zile fedha zimeibwa kwa nani?”

“Si kwa mtu yeyote.”

“Hakuna atakayezitafuta.”

“Hakuna.”

Aliutoa mkono wavuni. Usiku ule, wenzake walinisimulia baadaye, hakusuka mtu.

*

Mahakama ilijaa kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na paa lake ni zuri. Nilipata nafasi karibu na mlango. Hakimu alikuwa mama wa makamo, Mheshimiwa Nyamwero, mwenye sifa ya kusoma kila karatasi mpaka mwisho, tabia iliyomchelewesha kupanda cheo. Jicho dogo lilikuwa juu ya meza yake, limefunikwa kitambaa cha kufumwa kama televisheni ya sebuleni.

Bwana Ngonde akasoma tamko. “Mimi, ambaye jina langu halisi halijulikani, nakiri kwamba si Bi Sikitu Mapunda, wala sijawahi kuwa, na ninamwomba radhi Bi Sikitu Mapunda popote alipo.”

“Umeelewa unachokisaini?” Hakimu akamuuliza.

“Nimeelewa, Mheshimiwa.”

“Umelazimishwa?”

“Nimeshauriwa.”

Akapewa kalamu. Nilimwona akiishika jinsi alivyotufundisha sote: vidole viwili na kidole gumba, bila kubana. Mwalimu Hinju alikuwa benchi la mbele, shingo ameielekeza upande ambao kalamu ingesikika. Bi Sikitu alikawia. Akamtazama mwenzake, akaitazama mvua dirishani, uso wake ukawa kama wa mtu anayejitupa kwenye maji ya baridi. Kisha akasaini.

Kalamu haikukwaruza hata kidogo. Mwalimu Hinju aliinamisha kichwa.

Karani wa mahakama akalifunua Jicho, akalipitisha tamko mbele yake, na taa ya kijani ikawaka. Na Jicho, ambalo hatukujua kwamba lina sauti, likasema kwa sauti laini ya kike: “Karibu, Bi Sikitu Mapunda. Hongera kwa kuwa Mteja Bora wa Mwaka.”

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Bwana Ngonde alilitazama Jicho kama mtu aliyesalitiwa na mkewe hadharani. Hakimu akagonga meza, akaandika muda mrefu, akasoma alichoandika. Kwa kuwa Jicho halikosei, aliyesimama kizimbani ni Sikitu Mapunda. Kwa kuwa ni Sikitu Mapunda, hakughushi saini ya mtu, na mashitaka yale yamefutwa. Kwa kuwa amekiri kwamba si yeye, amesema uongo mbele ya mahakama, na kwa hilo anaonywa.

“Na miwani, Mheshimiwa!” Bwana Ngonde akaruka. “Kama ndiye, basi ndiye aliyekausha akaunti ya shule! Namshitaki kwa wizi, hapa hapa!”

“Asante,” Bi Sikitu akasema.

Bwana Ngonde hakuwa amezoea kushukuriwa na washitakiwa. Akaketi.

*

Kwa kuwa sasa kulikuwa na kesi ya wizi, hundi zilitoka benki. Zililetwa na Erasto, ndani ya bahasha, tai yake imelegea. Aliulizwa kama Jicho lilizipitisha, akasema ndiyo. Aliulizwa kama Jicho hukosea, akasema sheria inasema halikosei. Akataka kushuka. Kisha akashika ukingo wa kizimba.

“Mheshimiwa,” akasema, “naomba uziweke dirishani.”

Bwana Ngonde akapinga. Bi Sikitu akaomba karatasi. Alisaini jina lake mara nyingi, moja chini ya nyingine, mbele ya watu wote, na kila moja ikapitishwa kwenye Jicho. Nyingine kijani, nyingine nyekundu, nyingine taa zote mbili zikawaka pamoja.

“Mimi ni huyu huyu, Mheshimiwa,” akasema. “Kalamu ni hii hii. Mtu aliye hai ndivyo anavyosaini. Sasa zitazame zile, ambazo zilisainiwa nikiwa nimefungiwa na serikali yenyewe.”

Hakimu Nyamwero aliinuka na hundi mkononi, akaenda dirishani. Mvua ilikuwa imekatika. Alizibandika kwenye kioo, moja juu ya nyingine, na sisi tuliokaa nyuma tukaona mwanga ukipita katika karatasi, na saini moja tu nyeusi ikionekana katikati ya zote. Alisimama hapo, ametupa mgongo, mpaka watu wakaanza kukohoa.

Aliporudi kiti chake alikuwa kama amezeeka.

“Mahakama imeona,” akasema. “Lakini kwa mujibu wa sheria, mahakama haina mamlaka ya kuona zaidi ya Jicho. Kesi inaahirishwa mpaka Wizara itoe tafsiri. Mshitakiwa arudi rumande.”

Kesho yake asubuhi foleni ilizunguka benki kuu mara mbili. Watu walitaka warudishiwe saini zao. Waliambiwa kwa upole kwamba saini hurudishwa kwa maombi yaliyosainiwa, na maombi yanabaki ndani ya Jicho. Serikali haikukaa kimya, lazima niseme. Dakta Mbelwa alipelekwa kuwa balozi katika nchi yenye theluji, na shemeji akapewa tenda ya Jicho la Pili, litakaloliangalia la kwanza. Erasto alipandishwa cheo akawa meneja wa tawi ambalo bado halijajengwa. Huenda kila asubuhi kwenye kiwanja chake na mwavuli. Tafsiri ya Wizara inaandaliwa. Bi Sikitu bado yuko ndani.

Nilimsindikiza Mwalimu Hinju kumwona. Alikuwa amebeba bunda la karatasi nene, zimejaa nukta. Watoto, kila mmoja alipo, walimwandikia Mwalimu Mkuu barua kwa kutoboa nukta, na wapishi walizikusanya.

Askari wa lango, baba mtu mzima mwenye masharubu, alizigeuza juu chini.

“Hizi ni nini? Zimeliwa na mchwa?”

“Ni barua, afande.”

“Sioni saini.”

“Hawasaini. Ni watoto, na hawaoni.”

“Basi hazipiti. Barua isiyo na saini haipiti.” Alizirudisha, hakuonekana kufurahia. “Ni amri, Mwalimu. Si mimi.”

Mwalimu Hinju hakubishana. Aliketi kwenye benchi la wageni, upande wetu wa wavu, akaliweka bunda magotini. Bi Sikitu alikuja akashika wavu. Vidole vya Mwalimu Hinju vikaanza kutembea kwenye karatasi, naye akaanza kusema. Mmoja alisema kwa shangazi yake kuna mbwa anayeitwa Diwani. Mmoja alisema amesahau nusu ya nyimbo. Mmoja alitaka kujua kama jela wanapika maharage, na kama wanapika, yeye anaweza kuja.

“Huyo ni Tasiana,” Bi Sikitu akasema. Alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa mkono wa kulia.

Mwalimu Hinju alifika mwisho wa ukurasa, akatafuta unaofuata. Karatasi bado zilikuwa nyingi, na kengele ya kumaliza muda wa wageni ilikuwa imeshalia. Askari alikuja akasimama juu yetu. Aliitazama mikono ile juu ya karatasi zilizokatazwa. Kisha akageuka, akaelekeza uso wake barabarani, ambako hapakuwa na kitu.

“Soma tu, Mwalimu,” akasema. “Mimi sijaona.”